Umbali wa Mgonjwa: Haki ya Kufikiwa na Tabibu Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

1. Utangulizi

Kata ya Ruhuwiko ipo upande wa magharibi wa Manispaa ya Songea, na ndimo ulimo uwanja wa ndege wa mji huo. Mtu akaaye Ruhuwiko hana safari ndefu kuifikia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko mjini. Akiendelea magharibi zaidi atafika Peramiho, kwenye hospitali ya Wabenediktini ya Mtakatifu Yosefu inayojulikana kusini yote. Kwa kipimo cha ramani, basi, mkazi wa Ruhuwiko ana nafuu kubwa kuliko mvuvi wa Lituhi kando ya Ziwa Nyasa, au mkulima wa korosho wa Tunduru. Hata hivyo kila mchungaji aliyehudumu pembezoni mwa mji anajua kwamba wako watu wanaougua, na hata kufa, kilomita chache tu kutoka hospitali, bila ya kuonwa na daktari. Mmoja hana fedha za kumwona daktari. Wa pili anaona haya kukutwa na jirani yake kwenye foleni ya kliniki fulani. Wa tatu hayaamini yale atakayoambiwa huko.

Makala haya yanauliza swali moja. Ni kitu gani hasa kinachomtenga mgonjwa na matibabu wakati maradhi ya mlipuko yanapoenea duniani kote, na je, matabibu waliofaulu kuwafikia waliosahauliwa walifanya nini? Jibu tunalolileta ni kwamba umbali wa mgonjwa una sura nne: umbali wa mahali, umbali wa ujuzi, umbali wa bei na umbali wa imani. Huduma ya afya huwa ya haki pale umbali wote nne unapopunguzwa. Mitatu ya kwanza yaweza kupunguzwa na madaktari pamoja na serikali. Wa nne hawawezi kuupunguza peke yao, na hapo ndipo Kanisa lina wajibu usioweza kuhamishiwa kwa mwingine.

2. Msamaria na Luther

Kabla ya kuichunguza historia, yafaa tukumbuke matini mbili ambazo Kanisa letu hulitazamia jambo hili.

Ya kwanza ni mfano wa Msamaria mwema (Luka 10:25-37). Tumezoea kuuhubiri mfano huu kama fundisho la huruma, nasi tunafanya vema. Lakini tukiusoma polepole tutaona kuwa huruma ile ina hatua zinazofuatana. Kuhani na Mlawi walimwona majeruhi wakapita kando, Msamaria alimkaribia. Hakuwa tabibu, ila alitumia alichokuwa nacho, mafuta na divai, akamfunga jeraha. Kisha akamtoa mahali pa hatari, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni. Akalipa dinari mbili kabla hajaombwa. Mwisho akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba, akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Kukaribia, kutumia ujuzi uliopo, kulipa gharama, na kuwa mtu wa kuaminika atakayerudi: katika mambo haya manne umbali wa majeruhi yule uliondolewa wote.

Ya pili ni barua ya Martin Luther ya mwaka 1527. Mwezi Agosti mwaka huo tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, naye Luther akaagizwa aondoke. Alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa, na nyumba yake yeye na Katharina ikawa kama hospitali. Wakati huo wachungaji wa Breslau, kwa mkono wa Johann Hess, walikuwa wamemwuliza kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Jibu lake lina uzito kwetu kwa sababu halina ushupavu wala woga. Anasema kwamba wenye wajibu kwa wengine, yaani wachungaji, watawala na watumishi wa wagonjwa, hawana ruhusa ya kuondoka ikiwa hakuna wa kushika nafasi zao. Anawakemea pia wanaodharau dawa na tahadhari kwa kisingizio cha imani, kwa maana hao humjaribu Mungu na waweza kuwaambukiza wenzao. Tena anaona kuwa lingekuwa jambo jema serikali kuwa na hospitali za umma zenye watumishi, na pasipo na hospitali hizo kila mmoja awe muuguzi wa jirani yake. Mtu aliyeandika hayo miaka karibu 500 iliyopita alikwisha kuona kwamba wema wa mtu mmoja mmoja hautoshi bila utaratibu wa umma, na kwamba utaratibu wa umma usipokuwapo hauondoi deni la upendo.

3. Umbali wa mahali

Maradhi ya mlipuko huanza kuonekana mahali fulani, lakini huenea kwa njia za watu wote. Homa kali ya mafua ya mwaka 1918 iliingia Tanganyika wakati Vita Kuu ya Kwanza inakwisha, nayo ikasambaa pamoja na askari, wapagazi na wasafiri. Wanahistoria hukadiria kuwa iliua makumi ya maelfu ya watu nchini. Nchi ya Ungoni ilikuwa imekwisha kupitia Vita vya Majimaji vya 1905-1907 na njaa iliyovifuata. Ugonjwa mpya uliwakuta watu waliochoka, na karibu wote walikuwa mbali na tabibu yeyote wa hospitali. Ndivyo ilivyo kawaida ya milipuko: hutua kwa kishindo kikubwa zaidi juu ya wale waliokwisha kulemewa na jambo jingine.

UKIMWI ulipofika, hali ilikuwa tofauti kwa sehemu. Wagonjwa watatu wa kwanza kuripotiwa nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage. Wasomaji wetu wataikumbuka Ndolage kuwa ni hospitali ya Kilutheri, ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Jambo hili lastahili kutafakariwa. Ugonjwa ule ulitambuliwa kwa sababu palikuwa na tabibu kijijini, mbali na makao makuu ya nchi, aliyewaona wagonjwa na kushuku kuwa ni kitu kipya. Kama hospitali zingejengwa mijini tu, ugonjwa ungeendelea kuua pasipo jina. Katika miaka michache tu mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Mkoa wa Ruvuma unaonyesha vizuri jinsi makanisa yalivyolishughulikia tatizo la mahali. Peramiho ilianza kama misheni ya Wabenediktini mwaka 1898. Litembo, katika milima ya Umatengo, kuna hospitali ya Kikatoliki. Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuna Hospitali ya Mtakatifu Anna iliyotokana na kazi ya Waanglikana wa UMCA. Nyumba hizo za tiba ziliwekwa milimani na ziwani kwa sababu ndiko watu walikokuwa. Serikali nayo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilielekeza nguvu zake vijijini, na mwaka 2007 ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo hilo halijatimia kila mahali. Lakini mkoa wenye wakazi wapatao milioni 1.8 kwa sensa ya 2022, waliotawanyika kutoka ziwani hadi mpaka wa Msumbiji, hauwezi kuhudumiwa kwa haki na hospitali za mjini peke yake, hata zingekuwa bora namna gani.

Somo hili lilirudi wakati wa UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kuwa ugonjwa huo umeenea duniani, na mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, huko Arusha. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021. Hapo mwanzo ilitolewa katika vituo 550 kwa nchi nzima, na waliojitokeza walikuwa wachache. Mwezi Septemba mwaka ule utaratibu ulibadilishwa: vituo vikaongezwa vikazidi 6,000, na wahudumu wakaanza kuifuata jamii sokoni, mashambani, kwenye nyumba za ibada na nyumba kwa nyumba. Chanjo ilikuwa imekwisha kufika nchini tangu Julai. Kilichobadilika ni nani aliyetakiwa kutembea: hapo awali alikuwa mwananchi, na sasa akawa mhudumu.

4. Umbali wa ujuzi

Zahanati yaweza kujengwa, ikapakwa rangi, ikakosa mtu wa kutibu. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1963. Katika hali kama hiyo, kungoja kila mgonjwa aonwe na daktari mwenye shahada kulikuwa sawa na kumnyima tiba kwa lugha ya adabu.

Dkt. Leader Stirling aliliona jambo hili mapema. Mwingereza huyu alifika Lulindi, katika Dayosisi ya Masasi ya UMCA, mwaka 1935, na baadaye akafanya kazi katika hospitali ya Kikatoliki ya Mnero. Angeweza kubaki daktari mmoja hodari katika pori kubwa. Badala yake aliwafundisha vijana wa huko uuguzi, ili ujuzi ubaki mikononi mwa wenyeji. Alichukua uraia, akaingia bungeni, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Ni katika kipindi hicho, Septemba 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata na kukiri kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Kwa mtu aliyeanza Lulindi, azimio lile halikuwa habari ngeni.

Mfano mkubwa zaidi wa kugawa ujuzi ni matibabu ya UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa, zilitolewa na madaktari katika hospitali kubwa, na mgonjwa hakuanzishiwa dawa mpaka damu yake ipimwe kwa mashine ya kuhesabu seli za kinga ziitwazo CD4. Mashine hizo hazikuwapo vijijini. Kwa hiyo kipimo kilichokusudiwa kumlinda mgonjwa kikawa mlango uliofungwa mbele yake, na aliyefungiwa zaidi alikuwa mama mjamzito wa kijijini, ambaye muda wa kumkinga mtoto wake ulikuwa unapita.

Malawi, iliyo ng'ambo ya Ziwa Nyasa, iliamua mwaka 2011 kufanya vingine: kila mama mjamzito au anyonyeshaye akikutwa na virusi, aanze dawa siku hizo hizo na aendelee nazo maisha yake yote, pasipo kungoja hesabu ya seli. Uamuzi huu uliwezekana kwa sababu Malawi ilikuwa imekwisha kuwafundisha wauguzi na matabibu wasaidizi kutoa dawa hizo kwa kufuata utaratibu mwepesi ulioandikwa wazi. Tanzania ilianza kufuata njia hiyo mwaka 2013. Walikuwapo waliohofu kwamba kumkabidhi muuguzi wa zahanati dawa nzito namna ile ni kushusha kiwango cha tiba. Hofu hiyo haikuwa upuuzi, maana daktari amefundishwa kulinda ubora. Lakini ubora unaowafikia wachache na kuwaacha wengi wafe hauna budi kupimwa upya. Mafuta na divai vya Msamaria havikuwa tiba bora iliyojulikana siku zile. Vilikuwa tiba iliyokuwapo njiani, mbele ya mtu anayetokwa damu.

5. Umbali wa bei

Dawa za mchanganyiko zilizoweza kuzuia kifo cha UKIMWI zilijulikana tangu 1996. Mwaka 2000 gharama yake katika nchi tajiri ilikuwa kama dola 10,000 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa ingeweza kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Tofauti ya bei hizo mbili haikutokana na ugumu wa kutengeneza dawa. Ilitokana kwa sehemu kubwa na haki miliki na uamuzi wa wanadamu. Katikati ya miaka hiyo, wachungaji wetu walikuwa wakizika kila juma.

Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulianzishwa 2002, na mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ukafuata 2003. Tanzania ilianza kutoa dawa hizo bure mwezi Oktoba 2004. Njombe, jirani wa Ruvuma kwa upande wa kaskazini, penye hospitali zetu za Ilembula na Bulongwa, yatuonyesha ukubwa wa lile lililokuwa mbele: katika upimaji wa 2011-12 watu wazima wenye virusi mkoani humo walikuwa asilimia 14.8, Ruvuma asilimia 7.0, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Bila dawa za bure, ni kaya chache mno za wakulima ambazo zingeweza kulipa hata bei ile ya Cipla.

Wakati wa UVIKO-19 jambo lile lile lilijirudia. Nchi tajiri zilijiwekea akiba ya chanjo kabla haijatengenezwa, na hadi mwisho wa 2021 watu waliokamilisha chanjo barani Afrika hawakufika asilimia 10. Shehena ya kwanza iliyopokewa Tanzania, dozi 1,058,400, ilikuja Julai 2021 kwa mpango wa kimataifa wa COVAX. India na Afrika Kusini ziliomba Oktoba 2020 haki miliki za chanjo zilegezwe kwa muda. Mataifa yalikubali sehemu tu ya ombi hilo, tena Juni 2022, wakati wimbi kubwa limekwisha kupita.

Ni rahisi kulaumu mataifa ya mbali. Yatupasa kuangalia pia nyumbani. Tangu 1993 wagonjwa nchini wamechangia gharama katika hospitali za serikali, huku kukiwa na msamaha kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee wasiojiweza na wenye maradhi kama kifua kikuu. Hospitali za Kanisa nazo hutoza ada, kwa sababu mishahara, umeme na dawa havilipwi kwa nia njema. Mkataba wa 1992 kati ya serikali na makanisa, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii iliyoundwa mwaka huo huo, umesaidia kupata watumishi na ruzuku, lakini haukumaliza tatizo. Hapa pana mvutano wa kweli ambao hatupaswi kuufunika kwa maneno ya kiroho. Hospitali isiyotoza chochote hufungwa, na ikifungwa maskini hupoteza zaidi. Hospitali inayotoza bila kuangalia uso wa mtu hubaki wazi, lakini si kwa ajili ya yule ambaye kwa sababu yake ilijengwa. Mwanya huo huzibwa na dinari mbili, yaani mtu wa tatu anayelipa. Mtu huyo wa tatu aweza kuwa serikali, aweza kuwa bima, kama Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inavyokusudia, na aweza kuwa usharika.

Hatari ya kumtegemea mlipaji mmoja wa mbali ilionekana Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha kwa ghafla misaada yake ya nje. Miradi mingi ya UKIMWI barani Afrika, ukiwamo utumishi wa watu waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa majumbani, ilitikisika. Msamaria alitoa dinari zake kutoka mfuko wake mwenyewe, na akasema atarudi.

6. Umbali wa imani

Kiswahili chetu hutumia neno moja, imani, kwa kumwamini Mungu na kwa kumwamini mwanadamu mwenzetu. Katika maradhi ya mlipuko maana hizo mbili hukutana, na mara nyingine hugongana.

Upimaji wa kitaifa wa 2022-23 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini, waliojua hali yao walikuwa kama asilimia 83. Kati ya hao waliojua, karibu asilimia 98 walikuwa wakitumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Takwimu hizo ni ushindi mkubwa, na zatuonyesha pia mahali ugumu ulipobaki. Mtu akisha kujua hali yake, tiba humfikia. Lakini watu 17 katika kila 100 walikuwa hawajui. Kwa wengi wao dawa ni ya bure na zahanati haiko mbali sana. Kinachowatenga nayo ni haya, hofu ya kuachwa na mwenzi, au kutoamini kuwa siri itatunzwa.

Mwaka 2011 jambo hili lilikuja mlangoni mwa Kanisa letu. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alitoa kikombe cha dawa ya mti katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Watu kwa maelfu walimwendea kutoka nchi nzima na nchi jirani, kwa malori, mabasi na hata helikopta, na foleni ya magari ikafika kilomita nyingi. Wataalamu wa afya waliwaonya wagonjwa wasiache dawa zao za hospitali, kwa sababu wako walioziacha. Si kusudi la makala haya kuhukumu nia ya mtumishi huyo, aliyefariki mwaka 2021. Lakini wanafunzi wa theolojia wanapaswa kuuliza kwa nini watu walisafiri mbali kiasi kile. Kikombe kilikuwa cha bei moja kwa tajiri na maskini. Hakuna aliyeulizwa amepataje ugonjwa. Kilitolewa na mtu waliyemwamini, kwa lugha waliyoielewa. Bei, heshima na imani vilikuwapo Samunge. Kilichokosekana ni tiba iliyothibitishwa kuponya. Katika zahanati nyingi tiba hiyo ipo, na hayo mengine ndiyo yanayokosekana.

Kipindi cha UVIKO-19 kilifundisha hivyo hivyo. Kuanzia mwisho wa Aprili 2020 takwimu za ugonjwa ziliacha kutangazwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wananchi walibaki na maneno ya mitaani, kujifukiza na simulizi za kwenye simu. Mwanzoni mwa 2021 viongozi wa makanisa, wakiwamo maaskofu Wakatoliki na wa KKKT, waliwahimiza waumini wachukue tahadhari. Sauti hiyo ilisikika kwa sababu wasemaji walikuwa watu wanaozika, na waliokuwa wakiona makaburi yanayochimbwa. Chanjo ilipokuja baadaye, wahudumu wa afya walikuta kwamba swali la kwanza la wengi halikuwa juu ya dawa yenyewe. Waliuliza: mchungaji wetu, au shehe wetu, amechanjwa?

7. Wajibu wa mchungaji na usharika

Kutokana na hayo, twaweza kutaja mambo matano yanayowezekana katika usharika wowote, uwe Ruhuwiko au kwingineko.

Kwanza, mchungaji, mwinjilisti na wazee wa kanisa wanapotembelea nyumba, waulize juu ya umbali. Mgonjwa ambaye haendi zahanati amezuiwa na nini: safari, kukosa mtaalamu, fedha, au kutoamini? Kila kizuizi kina dawa yake. Kumwombea mtu aliyekosa nauli, bila kumpa nauli, ni kupita kando.

Pili, mfuko wa diakonia uwe na fungu la wagonjwa lililo wazi na la kudumu. Harambee ya dharura humsaidia mgonjwa mwenye ndugu wengi wa kumsemea. Fungu la kudumu humsaidia asiye na msemaji. Wajumbe wa bodi za hospitali zetu nao wadai kuwe na kanuni iliyoandikwa juu ya wasioweza kulipa, tena ibandikwe mahali ambapo maskini ataisoma.

Tatu, mimbari isiweke maombi na dawa kama wapinzani. Luther aliwaona wanaodharau dawa kuwa wanamjaribu Mungu. Mhubiri anayemwambia mgonjwa atupe vidonge vyake ili aonyeshe imani anachukua dhamana ya damu ambayo hawezi kuilipa. Ni vema muuguzi wa zahanati apewe nafasi wakati wa matangazo, aseme mwenyewe kwa maneno mepesi, na washarika wamwulize maswali.

Nne, siri itunzwe. Mahali ambapo hali ya mtu iliyosemwa katika maungamo ya faragha hugeuka kuwa habari ya kisimani, hakuna atakayekwenda kupimwa. Mchungaji mmoja asiyetunza siri aweza kuuharibu uaminifu uliojengwa na kliniki kwa miaka kumi.

Tano, vyuo vyetu viwaandae watumishi kwa kazi hii. Kwa miaka mingi Hospitali ya KCMC, Moshi, imewapokea wachungaji kwa mafunzo ya uchungaji wa hospitalini. Mafunzo ya namna hiyo yasionwe kuwa ya wachache wenye wito wa pekee. Mwanafunzi asiyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa na kumsikiliza daktari atashindwa kuwa daraja kati yao siku ya haja.

8. Hitimisho

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 si tena dharura ya kimataifa. Tangazo hilo halikuufunga mlango wa maradhi mengine. Ugonjwa mwingine utakuja, nao utawakuta watu mahali walipo kwa sasa: karibu au mbali na tabibu, karibu au mbali na muuguzi aliyefunzwa, wenye uwezo au wasio na uwezo wa kulipa, wanaomwamini au wasiomwamini anayewahudumia. Umbali huo hauwezi kupunguzwa katika juma lile ambalo ugonjwa unaingia. Hupunguzwa sasa, katika miaka ya kawaida, na matabibu wanaokubali kutoka na kuugawa ujuzi wao, na serikali zinazopanga na kulipa, na wachungaji wanaoaminika kwa sababu walikuwapo kabla ya hatari. Bwana alipomaliza mfano wake, mwanasheria alikwisha kuelewa jirani ni nani. Lililobaki lilikuwa kwenda na kufanya vivyo hivyo, nasi tumebakiziwa neno lilo hilo.